Jina Moja kwa Watoto Wawili

Masika mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako, umeniachia nyumba na sanduku lililofungwa nusu. Nadhani nina saa mbili kabla hujarudi. Sitakuandikia juu ya sabuni, wala juu ya kuficha pasipoti, wala juu ya chakula cha Kampala. Hayo tumeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunicheka. Naandika jambo moja ambalo nimeshindwa kulitoa kwa mdomo. Leo asubuhi nilipokuwa nakusuka, nilitaka kuanza mara tatu. Mara ya tatu uliniambia, "Mama, unavuta sana," nikasema pole, nikaendelea kusuka.

Siku ya Noeli iliyopita ulisimama mbele ya wageni wetu wote, ukasema unataka kwenda kusomea kazi ya programu. Ukasema, "Nataka nikuwe kama mama. Programu ya mama haijakoseaka hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Mimi nikaenda jikoni, nikasimama mbele ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa imeiva zamani, nikaikoroga.

Programu yangu ilikosea, Masika. Na mtu mwingine alibeba kosa hilo kwa miaka tisa. Mtu huyo ni Mama Bahati.

Najua unamkumbuka. Alikuwa jirani yetu kule Mabanga, muuguzi, yule aliyekuwa akikubeba mgongoni ukiwa na homa wakati mimi niko kazini. Ulimwita mama mkubwa ingawa hatuna damu moja. Ulipokuwa na miaka kumi tulihama, tukaja hapa Keshero, ukalia siku nzima. Uliniuliza kwa nini, nikakujibu ni kwa sababu ya maji, kwamba huku ziwa liko karibu. Si kweli. Tulihama kwa sababu nilishindwa kupita mbele ya mlango wake.

Nitakueleza kuanzia mwanzo, na nitakueleza kama mtu wa kazi, kwa maana kuanzia kesho wewe pia ni mtu wa kazi hii.

Mimi na Mama Bahati tulifanya kazi kituo kimoja cha afya. Yeye alikuwa wodi ya watoto, mimi niliajiriwa kuandika programu ya kupokea wagonjwa na kupima dawa zao. Ilikuwa na moduli nne, yaani mafaili manne yanayosaidiana: moja ya kuandikisha wagonjwa, moja ya mizani, moja ya kupiga hesabu ya dawa, moja ya kuchapa karatasi ambayo muuguzi anaifuata. Kulikuwa na faili la tano nililoliita "pamoja". Humo niliweka majina yaliyohitajiwa na moduli zote: jina la kituo, orodha ya dawa, kipimo cha kila dawa kwa kilo moja ya mtu. Moduli iliyotaka kitu iliagiza jina lake kutoka humo. Hiyo sehemu haikuwa mbaya. Vitu hivyo havibadiliki kutoka asubuhi mpaka jioni, na ni vizuri viandikwe mara moja tu, mahali pamoja.

Kosa lilikuja na uzito wa mgonjwa. Uzito ulipatikana kwenye moduli ya mizani na ulihitajika kwenye moduli ya dawa. Njia safi ilikuwa kuupitisha mkono kwa mkono, kila kipande cha programu kikikabidhi kinachofuata uzito wa mgonjwa huyu, si wa mwingine. Ningelazimika kufungua vipande saba na kuvirekebisha. Nilikuwa na haraka. Nikafungua "pamoja", nikaongeza jina moja: kilo. Mizani iliandika humo, dawa ilisoma humo. Kazi ya dakika mbili.

Usifikiri sikuijua kanuni. Kule Kampala watakufundisha kwamba jina lionekane pale tu linapohitajika, na watakuuliza kwenye mtihani, nawe utajibu vizuri. Mimi pia nilijibu vizuri. Sista aliyetufundisha kule Butembo alisoma jibu langu mbele ya darasa zima. Miaka sita baadaye nilifanya kinyume, tena nikifurahi kwamba nimeokoa muda.

Ilifanya kazi miezi minane bila kelele, kwa sababu kwenye mashini, yaani kompyuta ya wodi, alifunguliwa mgonjwa mmoja tu kwa wakati mmoja. Kisha watu wakaanza kukimbia vita kutoka upande wa Rutshuru, foleni ya kituo ikafika barabarani, na wauguzi wakaniomba waweze kumfungua mgonjwa wa pili kabla ya kumfunga wa kwanza. Niliifanya kazi hiyo kwa siku moja. Dokta, mkuu wa kituo, alinisifu mbele ya wote. Kila mgonjwa alipata dirisha lake kwenye kioo cha mashini, na ndani ya dirisha jina lake na umri wake. Lakini kule chini, kwenye "pamoja", kilo ilibaki moja kwa wote. Uzito wa mwisho kuandikwa ndio uliosomwa, mgonjwa awe yeyote. Sikulikumbuka jina hilo. Lilikuwa limefanya kazi muda mrefu hata nikasahau kwamba nimeliweka humo.

Jumatatu moja mama mmoja aliyetoka Rutshuru alileta mtoto wake wa kike, Neema, wa miezi tisa, mwenye homa kali na ugonjwa wa kifua. Mama Bahati alimpima: kilo sita. Akaandika. Kabla hajachapa, mwenzake akafungua dirisha la pili kwenye mashini ileile, akaandika mtoto mwingine wa kilo kumi na tisa. Mama Bahati akarudi kwenye dirisha la Neema, akabonyeza. Karatasi ikatoka na kipimo cha sindano. Karatasi haikuonyesha kilo, kwa sababu mimi niliondoa mstari huo ili ipungue urefu.

Mama Bahati aliitazama ile karatasi, akasita. Miaka ishirini alikuwa anadunga watoto. Akatoka nje, akanipigia simu. Mimi nilikuwa kwenye ofisi nyingine, ninaonyesha programu kwa mabwana waliovaa kravati shingoni, wote wananingoja.

"Mama Masika, hii dawa ya mutoto naiona mingi. Iko na kilo sita tu."

"Uliandika sita kwenye mashini?"

"Ndiyo. Sasa hivi nimetoka kuiona sita kwenye kioo."

"Basi fuata karatasi. Mashini haichokake kama sisi."

"Uko na hakika?"

"Mama Bahati, niko kwa kazi."

Nikakata simu.

Kioo kilionyesha sita kwa sababu dirisha lilikumbuka lilichoandikiwa. Hesabu ilifanywa na kumi na tisa. Hakuna namna ambayo yeye angeweza kuliona hilo. Aliona sita, akaniuliza, nikamwambia afuate karatasi, akafuata. Siku tatu Neema alidungwa dawa mara tatu ya kipimo alichostahili. Siku ya nne hakukojoa tangu asubuhi mpaka mchana, wakamkimbiza hospitali kubwa. Hakufa. Namshukuru Mungu kila siku na ninaona haya kumshukuru. Mafigo yalirudi kufanya kazi. Masikio hayakurudi.

Ijumaa Dokta alituita. Alikuwa amejaribu programu mwenyewe: akamfungua Neema peke yake, akaandika kilo sita, karatasi ikatoka sawasawa kabisa. Akaiweka mezani mbele ya Mama Bahati.

"Mashini inasema hivi. Karatasi yako wewe iko wapi?"

"Ilienda na mutoto hospitali, Dokta. Ilipotea. Lakini ilisema vile nilivyofanya. Na nilikuwa na mashaka. Nilipigia Mama Masika, nikamuuliza."

Wote wakageuka kunitazama. Dokta akasema, "Mama Masika, alikupigia?"

Nilikumbuka kila neno. Nilikumbuka hata kelele ya pikipiki iliyokuwa inapita nyuma yake aliponipigia.

Nikasema, "Dokta, watu wananipigiaka kila siku. Sikumbuki."

 Mama Bahati alinitazama kama mtu anayesubiri umalize sentensi. Sikumaliza.

Siku ile bado sikujua kwamba programu ilikuwa na kosa. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno hilo: sikujua. Lakini simu niliijua. Hata kama programu ingekuwa haina doa, ule ulikuwa uongo, na niliusema kwa sababu niliogopa kuonekana mbele ya Dokta kama mtu aliyejibu swali la dawa ya mtoto huku anawaangalia mabwana wa kravati.

Kesho yake, Jumamosi, nilifungua programu nyumbani. Ulikuwa umekaa karibu yangu unakunywa uji. Nilimwandika mtoto wa kilo sita, nikamwacha wazi, nikamwandika wa pili wa kilo kumi na tisa, nikarudi kwa wa kwanza, nikabonyeza, kikatoka kipimo cha kilo kumi na tisa. Uliniuliza, "Mama, unasikia baridi?" kwa sababu nilikuwa nimeingiza mikono yote miwili kwapani. Nikakwambia ndiyo, ukaenda kuniletea kitenge. Ukanifunika mabegani. Nilikipokea kile kitenge kutoka kwako, na bado nikaamua nilivyoamua.

Nilirekebisha siku hiyohiyo. Niliitoa kilo kwenye "pamoja", nikafungua vile vipande saba, uzito ukapita mkono kwa mkono kama ulivyotakiwa kupita tangu mwanzo. Ilinichukua asubuhi moja tu, Masika. Jumatatu nilifika kituoni wa kwanza, nikaweka programu mpya juu ya ile ya zamani. Kuanzia hapo mtu yeyote angejaribu asingeona kitu. Nilimwambia Dokta nimeiongezea mbio kidogo. Akanishukuru. Alhamisi ya wiki hiyo Mama Bahati alifukuzwa kazi. Nilimwona kwa dirisha anapita uani na blauzi yake nyeupe ya uuguzi ameikunja kwapani.

Alikuja nyumbani mara moja tu. Ulikuwa shuleni. Alisimama mlangoni, hakukubali kiti.

"Mama Masika, ni kweli haukumbuke?"

"Ni kweli."

"Sawa."

Miezi miwili baadaye tulihama.

Hiyo ndiyo habari nzima kama ilivyotokea. Miaka tisa nimeandika programu nyingine nyingi, na kila moja niliipitia jina kwa jina: hili linaonekana na nani, linabadilishwa na nani, linaishi mpaka lini. Watu wa kazini waliona mimi ni mtu makini. Wewe pia uliona hivyo. Ulipokuwa na miaka kumi na nne, nikikufundisha pale mezani, ulitaka kuagiza kila kitu kutoka moduli nyingine kwa mstari mmoja, nikakugombeza mpaka ukatoa machozi. Nilikwambia, "Andika jina unalolihitaji, hilo tu, ili anayesoma ajue limetoka wapi." Shauri lilikuwa zuri. Hasira haikuwa juu yako. Nisamehe kwa siku ile.

Baada ya ile Noeli sikuweza tena. Nilianza na papa yako. Alikuwa amerudi kutoka Butembo na maharagwe yake ya kuuza, amechoka, nikamwambia kabla hajavua viatu. Akauliza, "Na Mama Bahati anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi siko mimi mutu wa kwanza mwenye kustahili kuambiwa." Akavua viatu, akaenda kuoga.

Nilimkuta Mama Bahati Mabanga kulekule, anauza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya nyumba. Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Alinitambua nikiwa bado mbali, lakini hakusimama. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: jina kilo, watoto wawili, dirisha, simu, asubuhi ile ya Jumamosi. Nilieleza vibaya, nikarudia. Mteja mmoja akaja, akamhudumia kwanza, akageuka kwangu tena.

"Kwa hiyo karatasi ilisema vile nilivyosoma?"

"Ilisema vile."

"Macho yangu hayakukosea?"

"Hayakukosea."

Hapo ndipo alipokaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilidhani atalia juu ya kazi yake. Lakini aliniambia kitu ambacho sikukifikiria hata siku moja.

"Unajua, uliposema haukumbuke, mimi nilianza kujiuliza kama nilikupigia kweli. Nikasema labda niliota. Nikasema kama simu niliota, basi na karatasi niliisoma vibaya. Mjukuu wangu akigonjwa sijawahi kumupa dawa kwa mukono wangu. Namuomba jirani asome kwenye chupa. Mimi, muuguzi, namuomba jirani."

Masika, nilikuwa nimejihesabia kwamba nimemnyang'anya kazi. Kumbe nilimnyang'anya macho yake mwenyewe. 

Aliniambia, "Andika. Uandike yote, utie sahihi, upeleke kwa Dokta. Si kwangu. Mimi ninajua sasa."

Dokta wa zamani alikwisha kuondoka, yuko upande wa Bukavu. Niliandika barua, nikampelekea nakala moja, na nyingine nikampa daktari mama aliyechukua nafasi yake. Aliisoma mbele yangu mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini sasa?" Nikamjibu ukweli, kwamba binti yangu anataka kuwa kama mimi. Mkataba wangu wa kituo haukuisha mwezi wa pili, kama nilivyokwambia. Walinifukuza, na walikuwa na haki. Mama Bahati aliitwa, barua yangu ikasomwa mbele ya wauguzi wote, nami nikiwa nimesimama pale. Alipewa karatasi ya kumsafisha jina. Sasa anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye zahanati nyingine ndogo. Anasema bado anasoma kila chupa mara tatu, lakini anadunga.

Neema sijampata. Kwenye daftari la kituo kulikuwa na jina la mama yake na la kijiji tu. Nimekwenda Rutshuru mara mbili kwa pikipiki, zile siku nilizokwambia nafuata kazi. Nyumba niliyoonyeshwa ina watu wengine. Jirani mmoja alisema walipita hapo, mtoto haongei, kisha wakaondoka tena wakati wa vita. Basi lako la kesho litapita njia ile. Sikutumi umtafute, ni kazi yangu, nitarudi. Nataka tu ukipita ujue ni wapi.

Sina mengi ya kukushauri. Utakosea, na makosa ya majina yanayoonekana kila mahali utayafanya hata wewe, siku utakayochoka. Si hayo yanayonifanya nishindwe kukutazama machoni. Lakini siku mtu atakapokupigia simu akuambie, "Naona hii si sawa," na wewe uko mbele ya watu unaotaka wakuheshimu, waache watu hao wangoje. Mwambie asifanye chochote mpaka ufike. Kisha fungua kazi yako uitazame kama imeandikwa na mtu usiyempenda. Mimi ningehitaji robo saa tu.

Na sifa ulizonipa siku ya Noeli, nazirudisha kwako. Si zangu. Kama hutaki kunipigia simu wiki za kwanza, sitakasirika, wala sitamtuma papa yako akuulize.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimwona Mama Bahati nje ya kanisa. Nilimwambia unaondoka, na kwamba nitakueleza yote kabla hujaenda. Aliuliza umekuwa mrefu kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono. Akacheka kidogo, akiwa anatazama pembeni. Nikamuuliza kama siku moja tunaweza kuja kumsalimia, mimi na wewe.

"Mutoto aje," alisema. "Wewe, ngoja kwanza."

Kwa hiyo ukirudi likizo, nenda. Nyumba ni ileile, mlango wa bluu. Mimi nitakusindikiza mpaka kwenye kona ya barabara, kisha nitageuka.

Mama yako.